Kijana bora, timu mbovu: Kwa nini nyota wa vyuo vya Marekani huzama NFL

Usiku wa Aprili 26, 2018, mjini Arlington, Texas, yalisomwa majina ya vijana watano waliokuwa gumzo la Marekani nzima kwa miezi kadhaa. Baker Mayfield alitangulia, akachukuliwa na Cleveland Browns. Sam Darnold akawa wa tatu, akaenda New York Jets. Josh Allen wa saba, Buffalo Bills. Josh Rosen wa kumi, Arizona Cardinals. Lamar Jackson alisubiri hadi jina la 32, la mwisho kwa usiku ule, ndipo Baltimore Ravens walipomchukua.

Wote watano walicheza nafasi ya kwotabeki. Kwa msomaji asiyeufuatilia mpira wa Kimarekani, huyu ndiye anayepokea mpira kila timu yake inapoanza kushambulia, na ndiye anayeamua aurushe kwa nani, amkabidhi mwenzake akimbie nao au akimbie mwenyewe. Timu huwa na wachezaji 11 uwanjani, lakini hakuna mwingine anayebeba dhamana nzito kama yake. Ikishinda husifiwa yeye, ikifungwa huzomewa yeye, na mshahara wake ndio mnono kuliko wote. Timu 32 za NFL, ligi kuu ya kulipwa, huwapata makwotabeki wao karibu wote kutoka vyuo vikuu, kupitia uteuzi wa kila Aprili ambapo timu iliyoburuza mkia msimu uliopita huchagua ya kwanza na bingwa huchagua ya mwisho.

Vyuoni vijana wale walikuwa moto wa kuotea mbali. Jackson wa Louisville alitwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote, mwaka 2016. Mayfield wa Oklahoma akaitwaa mwaka uliofuata. Ukifika msimu wa 2024 unakuta Jackson ameshakuwa mchezaji bora wa NFL nzima mara mbili, 2019 na 2023, na Allen anaipokea tuzo hiyo hiyo. Mayfield na Darnold walishatupwa na timu zilizowachagua, wakahangaika huku na huko, wakaibukia kwingine. Rosen alicheza mechi yake ya mwisho ya ligi mwaka 2021, akiwa na miaka 24.

Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, hukadiria kwamba chini ya wachezaji wawili katika kila mia hufika kwenye ligi ya kulipwa. Hawa basi ni wachache wa wachache, na bado wanaanguka. Kila mwaka swali ni lile lile: nani kati yao atafua dafu? Naamini swali hilo huelekezwa kwa mtu mmoja tu, kijana mwenyewe, ilhali nusu ya jibu iko kwa timu inayompokea. Hiyo nusu ya pili haipimwi na mtu, haipigwi picha, na kijana anapoanguka haitajwi.

Lakini tuanze na yeye, kwa sababu kazi anayoikuta kweli ni ngumu.

Katika uwanja wa mpira huu kuna safu mbili za mistari mifupi zinazoonyesha mpira uanzie wapi. Chuoni safu hizo zimeachana futi 40, yaani kama mita 12. Katika NFL zimeachana futi 18 na inchi 6, chini ya mita sita. Mtazamaji wa kawaida hawezi hata kuliona hilo, lakini linabadilisha mchezo mzima. Chuoni mpira mara nyingi huanzia pembeni, upande mmoja wa uwanja unabaki mpana mno, na walinzi wanalazimika kuonyesha mapema wanauzibaje. Kwotabeki anatazama, anaona mwanya, anarusha. Katika NFL mpira huanzia karibu na katikati kila mara, kwa hiyo walinzi wanaweza kusimama kana kwamba watafanya jambo moja, kisha mpira unapotoka wakafanya jingine kabisa.

Tena chuo kikubwa hucheza na chuo kidogo. Timu yenye wapokeaji watatu, yaani wale wanaorushiwa mpira, watakaoingia NFL hukutana na walinzi ambao mwaka ujao watakuwa walimu wa shule au maofisa wa benki. Mpokeaji anayesemwa yuko wazi huko huwa amemwacha mlinzi wake mita mbili, tatu. Katika NFL, kuwa wazi ni nusu hatua, na mpira lazima uwe umeshatoka mkononi kabla nusu hatua hiyo haijaonekana.

Tazama sekunde 40 za kwotabeki wa NFL, kwa sababu ndani yake mna kila kitu. Mpira uliopita umekufa na saa inaanza kuhesabu kurudi nyuma. Ndani ya helmeti yake mna kipokea sauti, na kocha anamsomea mbinu: mpangilio wa wachezaji, upande, namna ukuta wa watu watano utakavyomkinga, njia ya kila mpokeaji, na hesabu ya kuanzia. Ni mfululizo wa maneno yanayoweza kupita kumi, na hakuna hata moja linaloruhusiwa kusahaulika. Saa ikifika sekunde 15, sauti ya kocha inakatwa. Kuanzia hapo kijana yuko peke yake. Anawarudia wenzake kumi maneno yale yale, wanajipanga, anasogea mbele. Anahesabu walinzi wa nyuma kabisa: wako wawili au mmoja? Anamnyooshea kidole mlinzi wa kati ili ukuta wake ujue uanzie kuhesabu wapi. Mlinzi mmoja anajongea, kisha anarudi. Anatania au anakuja kweli? Pengine mbinu yote ifutwe, achague nyingine na kuipaza sauti mbele ya watu 70,000 wanaopiga kelele ili asisikike. Mpira unatoka. Ana sekunde mbili na nusu, labda tatu, kabla mtu mwenye kilo 120 hajamfikia.

Chuoni, kwa miaka mingi, vijana wengi walifanya kazi hii kwa kutazama mabango yanayonyanyuliwa pembeni mwa uwanja. Kocha alisoma walinzi kwa niaba yao, akabadilisha mbinu, nao wakatekeleza. Kipokea sauti cha helmeti kiliruhusiwa katika ngazi ya juu ya vyuo mwaka 2024 tu. Kwa hiyo timu ya NFL inaweza kumchukua kijana aliyerusha pasi za mabao 40 kwa mwaka na ambaye hajawahi hata mara moja kuupanga mwenyewe ukuta wake.

Je, vipimo vya kabla ya uteuzi vinagusa jambo hili? Kidogo sana. Kila Februari na Machi vijana hukusanywa Indianapolis. Wanapimwa urefu, uzito, upana wa kiganja, wanakimbizwa yadi 40. Kwa miaka mingi walipewa pia mtihani wa Wonderlic, maswali 50 kwa dakika 12, ambao NFL iliuacha mwaka 2022. Tom Brady wa chuo cha Michigan alikimbia zile yadi 40 kwa sekunde 5.28 mwaka 2000, polepole kuliko hata baadhi ya majitu yanayocheza kwenye ukuta. Makwotabeki sita waliitwa kabla yake. Yeye akawa jina la 199. Alistaafu 2023 na mataji saba ya Super Bowl, fainali ya NFL. Kisa chake kimesimuliwa mno, na sitaki kukitegemea, kwa maana Brady ni mmoja na kanuni haijengwi juu ya mtu mmoja. Ninachokichukua kwake ni hiki tu: jambo lililomfanya awe bora, yaani kusoma walinzi na kuamua haraka, halikuwa na futi kamba ya kulipima.

Turudi kwa watano wa 2018, na safari hii tuwatazame waliowapokea.

Browns walikuwa wameshinda mechi moja tu kati ya 32 katika misimu miwili iliyotangulia. Mayfield aliingizwa katika mechi ya tatu ya msimu, usiku wa Alhamisi dhidi ya Jets, timu yake ikiwa nyuma, akashinda 21 kwa 17. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza baada ya siku 635. Kabla Oktoba haijaisha, kocha mkuu alikuwa amefukuzwa. Msaidizi akamalizia msimu, mwingine akapewa 2019 akafukuzwa baada ya mwaka mmoja, na wa nne akaja 2020. Makocha wakuu wanne kabla kijana hajamaliza msimu wa tatu!

Jets walimfukuza kocha wao siku ya mwisho ya msimu wa kwanza wa Darnold. Aliyefuata alidumu miaka miwili, na katika mwaka wa pili timu ilishinda mechi mbili tu kati ya 16. Chini ya kocha huyo, Oktoba 2019, Darnold akifungwa 33 kwa 0 na New England Patriots na pasi zake nne zikinaswa, kinasa sauti cha televisheni kilimdaka akiwaambia wenzake benchi kwamba anaona mizimu. Marekani nzima ilicheka. Mimi sijapata kuona la kuchekesha pale. Alikuwa na miaka 22, walinzi walimjia kutoka pande ambazo hakufundishwa kuzitarajia, naye akasema kwa uaminifu alichokuwa akikiona.

Cardinals ndio walionisikitisha zaidi. Rosen, usiku wa uteuzi, alijigamba kwamba timu zilizomruka zimefanya makosa tisa. Ujana. Kocha wa ushambuliaji aliyempokea alifukuzwa katikati ya msimu. Kocha mkuu akafukuzwa msimu ulipoisha, timu ikiwa imeshinda mara tatu na kufungwa mara 13. Aprili iliyofuata, mwaka mmoja kamili tangu wamchague, wakamchukua kwotabeki mwingine, Kyler Murray, kuwa jina la kwanza, na Rosen akauzwa Miami. Miami nao mwaka uliofuata wakachagua wa kwao. Kuanzia hapo ilikuwa kubeba begi kutoka mji hadi mji, kila mji na kitabu chake cha mbinu. Sisemi kwamba Rosen angekuwa Brady. Nasema hakuna aliyekaa naye muda wa kutosha kujua angekuwa nani.

Sasa wale wawili waliobaki. Msimu ule Bills hawakumfukuza kocha wao, Sean McDermott. Ravens hawakumfukuza wao, John Harbaugh. Hizo ndizo timu mbili pekee kati ya tano zilizotoka msimu wa 2018 na kocha yule yule, na ndizo timu mbili ambazo vijana wao wamekuwa wachezaji bora wa ligi. Watano ni wachache, najua, na mtu wa takwimu atanionya nisikimbilie hitimisho. Lakini angalia kilichofanyika ndani.

Allen ni mtoto wa mkulima kutoka Firebaugh, California, ambaye baada ya sekondari hakuna chuo kikubwa kilichomtaka. Alianzia Reedley, chuo cha miaka miwili, akaandikia makocha barua pepe nchi nzima, na hatimaye Wyoming ikamfungulia mlango. Mkono wake ulikuwa na nguvu ya ajabu, lakini pasi zake zilizofika zilikuwa kama 56 katika kila mia, na wachambuzi wengi walisema kulenga shabaha hakufundishiki ukubwani. Mwaka wake wa kwanza Buffalo hata hizo 56 hakuzifikia. Mwaka wa pili alikaribia 59. Bills hawakutafuta mwingine. Walimwachia kocha yule yule wa ushambuliaji, Brian Daboll, miaka minne mfululizo. Nje ya msimu kijana alikwenda kujifunza upya namna ya kupanga miguu na nyonga anaporusha. Mwaka 2020 timu ikamnunulia Stefon Diggs, mmoja wa wapokeaji bora ligini. Msimu ule pasi zake zilizofika zikapanda hadi 69 katika kila mia. Kumbe kulenga kunafundishika.

Jackson alikuwa na mzigo mwingine. Alikuwa mwepesi kuliko kwotabeki yeyote wa kizazi chake, na kwa sababu hiyo wakubwa kadhaa, akiwamo Bill Polian, mtu aliyewahi kumchagua kwotabeki Peyton Manning, walisema afadhali ahamie kwenye nafasi ya mpokeaji. Huyu ni kijana mweusi aliyetwaa Heisman kama kwotabeki akiwa na miaka 19. Ligi hii ina historia ndefu ya kuwaambia weusi kwamba nafasi ya kufikiri si yao. Kwotabeki Warren Moon alikipa chuo cha Washington ushindi wa Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, mwezi Januari 1978, na miezi michache baadaye hakuna timu hata moja ya NFL iliyomchagua. Akaenda Kanada, akashinda ubingwa mara tano mfululizo na Edmonton, ndipo Houston ikamfungulia mlango 1984. Leo yumo katika Jumba la Heshima la mchezo huo. Doug Williams wa Grambling State, chuo cha kihistoria cha weusi, alirusha mabao manne katika robo moja ya Super Bowl ya Januari 1988 na kushinda. Mtu angedhani mjadala uliishia hapo, lakini miaka 30 baadaye ulimfikia Jackson. Polian baadaye alikiri hadharani kwamba alikosea, na kukiri huko ni jambo jema, ingawa Moon alishapoteza miaka sita.

Ravens walifanya kitu ambacho timu nyingi hushindwa kukifanya: badala ya kumlazimisha kijana aingie katika mbinu zao, walizibomoa mbinu zao na kujenga nyingine kumzunguka. Mwaka 2019 Jackson alirusha pasi 36 za mabao, akakimbia yadi 1,206, ambazo hakuna kwotabeki aliyewahi kuzifikia kwa msimu mmoja, na kila aliyepiga kura ya mchezaji bora aliandika jina lake.

Ukishaitazama ligi kwa jicho hili, visa vya zamani vinaanza kusema mambo mengine. David Carr wa Fresno State alikuwa jina la kwanza mwaka 2002, akachukuliwa na Houston Texans, timu iliyoanza kucheza mwaka huo huo. Msimu wake wa kwanza aliangushwa na mpira mkononi mara 76, na hakuna kwotabeki aliyewahi kuangushwa mara nyingi hivyo katika msimu mmoja. Mwaka 2005 aliangushwa mara 68. Hadi leo orodha za waliochemsha humweka humo, kana kwamba aliajiriwa kujikinga mwenyewe.

Mwaka huo wa 2005, San Francisco 49ers walimchagua Alex Smith wa Utah kuwa jina la kwanza, na Aaron Rodgers wa California akakaa chumba cha kusubiri, kamera zikimmulika, hadi jina la 24. Smith alitupwa uwanjani mara moja: bao moja kwa pasi, pasi 11 zilizonaswa. Kila msimu kutoka 2005 hadi 2009 alipewa mwalimu mpya wa ushambuliaji, na kila mwalimu alikuja na lugha yake. Rodgers yeye alisugua benchi miaka mitatu Green Bay nyuma ya Brett Favre, akitazama, akiandika, akijifunza mazoezini, na alipoingia aliingia mtu mzima. Ana tuzo nne za mchezaji bora. Lakini hadithi ya Smith haikuishia kwenye kuzomewa. Mwaka 2011 Jim Harbaugh alikuja kufundisha 49ers, akatulia naye, na timu ikashinda mechi 13 kati ya 16.

Tena ni Smith huyo huyo ambaye mwaka 2017, akiwa Kansas City, aliletewa kijana wa Texas Tech aliyechaguliwa ili amrithi. Angeweza kumnyima maarifa, na ligi nzima ingemwelewa. Hakumnyima. Patrick Mahomes alikaa nyuma yake msimu mzima, akacheza mechi moja tu, ya mwisho, na amesema mara nyingi kwamba kumtazama Smith akijiandaa kulimfunza kazi. Msimu uliofuata alirusha pasi 50 za mabao. Chuoni, katika msimu wake wa mwisho, timu ya Mahomes ilifungwa mechi saba kati ya 12. Chicago Bears, waliokuwa na nafasi ya pili katika uteuzi ule, walimwacha, wakamchukua Mitchell Trubisky aliyekuwa ameanza mechi 13 tu North Carolina. Watu huwacheka Bears kwa kosa hilo. Mimi najiuliza jambo lingine: Mahomes angewekwa Chicago, bila Smith, bila kocha Andy Reid, bila mwaka wa kutulia, tungekuwa tunamzungumzia Mahomes yupi?

Hapa msomaji makini atanikatiza: na Ryan Leaf? Swali la haki. Mwaka 1998 Peyton Manning wa Tennessee na Leaf wa Washington State walifuatana, wa kwanza na wa pili, na wapo waliodhani Leaf ndiye bora. Manning alianza vibaya sana: pasi 28 zilizonaswa, mechi tatu tu za ushindi. Leaf alianza vibaya zaidi, na siku moja mjini Kansas City alifikisha pasi moja tu kati ya 15. Tofauti ni kwamba Manning alirudi kwenye video za mechi hadi macho yakauma, na Leaf aligombana na wanahabari, na wenzake, na nafsi yake. Leaf mwenyewe, ambaye baadaye alipitia uraibu na kifungo na sasa anazunguka akizungumzia afya ya akili, hajifichi nyuma ya mtu. Tabia ina nafasi yake, na kubwa. JaMarcus Russell, jina la kwanza la 2007, alikuwa na mkono ambao hadi leo watu wanausimulia, akaachwa na Raiders baada ya misimu mitatu, na sehemu ya lawama ni yake.

Hata hivyo, chungulia nyuma ya pazia. San Diego Chargers walimfukuza kocha wa Leaf baada ya mechi sita za msimu wake wa kwanza. Manning alipewa mwalimu wa ushambuliaji, Tom Moore, ambaye alibaki naye zaidi ya miaka kumi.

Uzoefu wa chuoni nao una uzito, ingawa si kanuni ya chuma. Mwaka 2021, 49ers walitoa chaguo tatu za raundi ya kwanza ili wampate Trey Lance, kijana aliyekuwa ameanza mechi 17 tu katika chuo cha North Dakota State. Aliwaanzia mechi nne, akavunjika kifundo cha mguu, akauzwa. Aliyeokoa jahazi ni Brock Purdy wa Iowa State, jina la 262 na la mwisho kabisa katika uteuzi wa 2022, ambaye chuoni alianza miaka minne. Aliwafikisha Super Bowl ya Februari 2024, na mwaka 2025 akatia saini mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 265. Alikuta timu imekamilika na kocha Kyle Shanahan ametulia. Lance alimkuta kocha huyo huyo, kwa hiyo hapa siwezi kuilaumu timu kwa kila kitu. Mmoja alikuja akiwa ameshakosea mara nyingi chuoni mahali ambapo kukosea hakumfukuzishi mtu kazi, mwingine hakupata muda huo.

Ndiyo maana mabadiliko ya 2021, yaliyowaruhusu wanachuo kulipwa kwa kutumia majina na sura zao, huenda yakasaidia kuliko vipimo vyote vya Indianapolis. Zamani kijana maskini alikimbilia NFL mapema kwa sababu nyumbani walikuwa wanasubiri. Sasa anaweza kubaki chuoni mwaka wa nne, wa tano, mfuko ukiwa na kitu. Bo Nix alianza mechi 61 Auburn na Oregon kabla ya kuchaguliwa 2024. Jayden Daniels alicheza miaka mitano Arizona State na LSU, na mwaka wake wa kwanza Washington alichukua timu iliyokuwa imeshinda mechi nne akaipa ushindi mara 12.

Darnold, yule wa mizimu, msimu wa 2023 alikubali kuwa wa akiba nyuma ya Purdy. Mwaka 2024 Minnesota Vikings wakampa nafasi, kocha wao akiwa Kevin O'Connell, aliyewahi kuwa kwotabeki, na mpokeaji wao akiwa Justin Jefferson. Akarusha mabao 35 na kushinda mechi 14 kati ya 17. Mkono ulikuwa ule ule wa New York. Mayfield naye, aliyeachwa na Browns kisha na Carolina Panthers, alifika Tampa akarusha mabao 41 msimu huo huo.

Majina ya uteuzi husomwa mwishoni mwa kila Aprili, na kwa saa za Afrika Mashariki la kwanza hutajwa baada ya saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa. Ukikesha kutazama, acha wachambuzi wabishane kuhusu mkono wa kijana. Wewe angalia anakokwenda: kocha mkuu amebakiza muda gani, mwalimu wa ushambuliaji ameshabadilishwa mara ngapi, ukuta uliruhusu kwotabeki kuangushwa mara ngapi msimu uliopita, na kama kuna mkongwe aliye tayari kumfundisha. Hayo yote yanajulikana usiku ule ule, kabla hajarusha hata pasi moja. Na baada ya miezi 12 ukisikia anaitwa aliyechemsha, usilirudie neno hilo mpaka uwe umehesabu ni makocha wangapi waliofukuzwa akiwa bado anajifunza majina ya wenzake.